Kiwanda cha Nyuzi cha New Lanark: Je, Kumtendea Mfanyakazi Haki Huleta Hasara?

Somo la historia kwa wanafunzi wa madarasa ya watu wazima. Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili mpate kulisoma polepole, nyumbani au darasani pamoja na mwalimu wenu.

  Leo tuna somo la historia, lakini ni historia yenye hesabu ndani yake. Basi kila mmoja na achukue penseli na kipande cha karatasi, maana mara mbili tatu nitawaomba mjumlishe na kutoa pamoja nami.

Kwanza nitawauliza swali moja. Fikiri wewe una shamba, na umeajiri vibarua watatu. Jirani yako naye ana shamba, na vibarua watatu. Wewe wawalipa vibarua wako siku ile uliyowaahidi. Wawapa nafasi ya kula na kupumzika, na mmoja akiugua humfukuzi. Jirani yako huwalipa nusu, tena kwa kuchelewa, na anayeugua huambiwa aende zake. Mwisho wa mwaka, ni nani kati yenu atakayekuwa na fedha nyingi zaidi mfukoni?

Najua majibu yenu hayatakuwa mamoja. Mwingine atasema, "Ni yule jirani, maana ametumia kidogo." Mwingine atasema, "La, ni wewe, maana watu wako watalima kwa moyo, na wa jirani watalima huku wakitazama jua." Ubishi huu ni wa zamani sana. Leo tutatazama mahali pamoja ambapo ulibishaniwa kwa miaka mingi, si kwa maneno tu bali kwa vitabu vya hesabu. Mahali hapo ni New Lanark, katika nchi ya Scotland.

KIJIJI KANDO YA MTO

New Lanark ni kijiji kilichojengwa bondeni, kando ya mto Clyde. Karibu na hapo mto huanguka kutoka juu kwa maporomoko makubwa. Maji hayo ndiyo yaliyokileta kiwanda. Siku zile mashine nyingi za kusokota pamba zilizungushwa kwa magurudumu ya maji, kwa hiyo palipokuwa na maji ya nguvu ndipo palipojengwa kiwanda.

Mwenye kuanzisha kazi hiyo alikuwa tajiri wa mji wa Glasgow, jina lake David Dale. Alianza kujenga mwaka wa 1785, na mwaka uliofuata mashine zikaanza kusokota. Lakini palikuwa na shida moja. Watu wa sehemu zile walikuwa wakulima na wachungaji, hawakupenda kufungiwa ndani ya nyumba kubwa tangu asubuhi hata usiku. Basi Dale alitafuta wafanyakazi mahali pengine. Alichukua watoto maskini na mayatima kutoka katika nyumba za maskini za Edinburgh na Glasgow. Mwisho wa karne ile watoto hao walikuwa kama 500, na wengine walikuwa wadogo sana, wa miaka sita au saba.

Msidhani kwamba Dale alikuwa mtu katili. Watu wa wakati wake walimsifu kwa wema. Watoto wake walilala mahali safi, walikula vizuri, na walikuwa na mwalimu. Lakini hebu tazameni saa zao. Waliingia kiwandani saa 12 asubuhi, wakatoka saa 1 usiku, wakati wa joto na wakati wa baridi. Baada ya hapo ndipo walipoanza masomo. Ninyi mnaokuja darasani jioni baada ya kazi mnajua macho yanavyokuwa mazito. Sasa mfikirie mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele ya mashine tangu alfajiri.

BWANA OWEN ANAKUJA

Mwaka wa 1799 Dale aliuza viwanda vyake kwa kijana mmoja na wabia wake wa Manchester. Kijana huyo ni Robert Owen. Alizaliwa mwaka wa 1771 katika mji mdogo wa Newtown, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi na mwuzaji wa vyombo vya chuma. Robert aliondoka kwao akiwa na miaka kumi tu, akaenda kujifunza kazi katika duka la nguo. Alipokuwa kijana wa miaka kama 20 alikuwa tayari amepewa kusimamia kiwanda cha nyuzi cha watu 500 huko Manchester.

Andikeni hesabu yetu ya kwanza. Bei ya New Lanark ilikuwa pauni 60,000. Haikulipwa mara moja. Walipatana kulipa pauni 3,000 kila mwaka. Je, deni lingekwisha baada ya miaka mingapi? Gawanyeni 60,000 kwa 3,000. Jibu ni miaka 20.

Mwaka huo huo Owen alimwoa Caroline, binti wa David Dale. Na mwezi wa Januari 1800 akaanza kazi ya umeneja. Kumbukeni neno hili: Owen hakuwa mwenye mali peke yake. Alikuwa na wabia, yaani watu waliotia fedha zao pamoja naye, na kila mwaka walitaka kuona faida. Kila jambo alilotaka kuwafanyia wafanyakazi ilimpasa alieleze kwa wabia hao.

MAMBO ALIYOYABADILISHA

Owen alikuta kijiji chenye watu karibu 2,000. Aliandika baadaye kwamba aliona ulevi mwingi, ugomvi na wizi wa mali ya kiwanda. Meneja mwingine angeita polisi na kufukuza watu. Owen alifikiri namna nyingine. Alisema kwamba tabia ya mtu hufanywa na mambo yanayomzunguka tangu utoto. Ukitaka mtu abadilike, badilisha kwanza mahali anapokaa na jinsi anavyotendewa.

Wafanyakazi hawakumwamini. Kwao alikuwa mgeni, si mtu wa nchi yao, tena alikuwa tajiri mpya. Walidhani maneno yake mazuri ni hila ya kuwafanyisha kazi zaidi. Owen mwenyewe anasema kwamba kwa muda wa miaka miwili walimpinga katika kila jambo.

Sasa tutazame alifanya nini.

Kwanza, hakuchukua tena watoto kutoka nyumba za maskini. Na watoto wa kijijini hakutaka waingie kiwandani kabla ya kutimiza miaka 10. Leo sisi tunaona kwamba miaka 10 bado ni midogo mno, na ni kweli. Lakini wakati ule viwanda vingi vilichukua watoto wadogo kuliko hao.

Pili, alirekebisha duka. Hapo awali wenye maduka madogo waliwakopesha wafanyakazi vitu vibaya kwa bei ya juu. Owen alifungua duka la kiwanda. Alinunua vyakula, nguo na makaa kwa wingi, akaviuza kwa bei iliyozidi kidogo tu ile ya kununulia. Anasema kwamba wafanyakazi waliokoa kama robo ya matumizi yao. Na ile faida ndogo ya duka ilitumika kwa shule.

Tatu, aliweka mfuko wa wagonjwa. Kila mfanyakazi alitoa sehemu moja katika 60 ya mshahara wake. Aliyeugua, aliyeumia au aliyezeeka alisaidiwa kutoka katika mfuko huo.

Nne, alibadilisha kazi ya wanyapara. Hakutaka watu wapigwe wala kutukanwa. Badala yake alitundika karibu na kila mfanyakazi kipande kidogo cha mti chenye pande nne, na kila upande una rangi yake. Nyeusi ilikuwa kazi mbaya, buluu kazi ya wastani, njano kazi nzuri, na nyeupe kazi bora. Kila siku msimamizi aligeuza rangi iliyopasa kwa kazi ya jana, na ikaandikwa kitabuni. Owen alipopita kiwandani alitazama rangi, akamtazama mtu, asiseme neno. Watu walikiita kipande hicho msimamizi bubu. Na mfanyakazi aliyeona ameonewa alikuwa na ruhusa ya kwenda kwa Owen mwenyewe kushtaki. Owen anaeleza kwamba mwanzoni rangi nyeusi zilikuwa nyingi, na kadiri miaka ilivyopita nyeusi zikapungua, njano na nyeupe zikaongezeka.

Tano, alipunguza saa za kazi. Kuanzia Januari 1816 watu walifanya kazi muda wa saa 10 na dakika 45 kwa siku, bila kuhesabu nafasi ya kula. Na mwanzoni mwa mwaka huo alifungua jumba kubwa la elimu. Watoto wadogo walisoma humo mchana, nao vijana na watu wazima walisoma jioni. Naam, lilikuwamo darasa la watu wazima kama hili lenu.

MIEZI MINNE BILA PAMBA

Je, wafanyakazi walianza kumwamini lini? Si siku ya hotuba yoyote. Ni siku mashine ziliposimama.

Pamba ya New Lanark ilitoka mbali, na nyingi ilitoka Marekani. Nchi hiyo iligombana na Uingereza, ikafunga bandari zake, na bei ya pamba ikapanda sana. Katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika akiwa mzee, Owen anautaja mwaka wa 1806. Lakini sheria yenyewe ya Marekani ya kufunga bandari ilitolewa Desemba 1807. Hapa pana fundisho dogo kwa msomaji wa historia: hata mtu aliyeliona jambo kwa macho yake huweza kukosea mwaka, kwa hiyo si vibaya kulinganisha maandishi mawili.

Wenye viwanda walikuwa na njia mbili. Waliweza kununua pamba kwa bei ya hatari, au kufunga kiwanda na kuwaacha watu waende zao. Owen alichagua njia ya tatu. Alisimamisha mashine, lakini hakumwachisha mtu kazi. Kwa muda wa miezi minne aliwalipa wafanyakazi wote mshahara wao kamili, na kazi yao ikawa kusafisha mashine na kuzitunza. Hakukata hata peni moja. Gharama yake ilikuwa pauni zaidi ya 7,000.

Fikirini jambo hilo. Mfanyakazi amezoea kuambiwa, "Hakuna kazi, hakuna fedha." Sasa juma la kwanza linapita, analipwa. Juma la pili, analipwa. Mwezi wa tatu, bado analipwa. Owen anasema kwamba baada ya hapo alipata imani yao yote, na kazi ya kurekebisha kijiji ikawa nyepesi.

Lakini wabia je? Wao waliona pauni 7,000 zimetoka, na uzi haukusokotwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza kuiva.

MNADA WA MWAKA 1813

Mwaka wa 1809 wabia wa kwanza walichoka. Waliona Owen anapenda mno shule na nyumba za wafanyakazi. Owen akawaambia, "Basi nunueni sehemu yangu, au niuzieni yenu." Walikubali kuuza. Bei ilikuwa pauni 84,000. Andikeni tena: toeni 60,000 katika 84,000. Mali ilikuwa imeongezeka thamani kwa pauni 24,000 katika miaka kumi. Na tena, kila mwaka wabia walikuwa wamekwisha pata riba ya fedha zao, pauni 5 kwa kila pauni 100. Juu ya riba hiyo, Owen anasema faida ya miaka hiyo ilikuwa pauni 60,000.

Akapata wabia wapya, wafanya biashara wa Glasgow. Hao nao hawakumpenda kwa muda mrefu. Alipotaka kumaliza jengo la shule, walimwambia kwamba wao ni wasokotaji wa pamba na wafanya biashara, wamekuja kutafuta faida, hawakuja kusomesha watoto wa watu. Owen akajiuzulu umeneja. Wabia wakatangaza kwamba viwanda vitauzwa kwa mnada. Tena wakaeneza habari kwamba mali imeharibika chini ya Owen, haina thamani ya pauni zaidi ya 40,000. Walitaka kuinunua wenyewe kwa bei rahisi, na kumtoa kabisa.

Hapa ndugu zangu, someni polepole, maana maisha ya watu 2,000 yalikuwa katika mizani. Kama Owen angeshindwa, shule isingefunguliwa, na mambo mengi yangerudi kama zamani.

Owen alikwenda London, akatafuta wabia wa namna nyingine. Alimpata William Allen, mtu wa dini ya Quaker, na wengine wa imani hiyo. Alimpata pia Jeremy Bentham, mwanafalsafa mwenye sifa kubwa. Hao walikubaliana naye neno la ajabu: kwamba watatosheka na riba ya pauni 5 kwa kila 100 ya fedha zao, na faida itakayozidi itumike kwa elimu ya watoto na hali ya wafanyakazi.

Mnada ulifanyika Glasgow mwisho wa mwaka 1813. Owen alikuwa amempa wakili wake amri ya kupanda mpaka pauni 120,000, na kila mara aongeze pauni 100 tu. Wabia wa zamani walipanda, wakili akaongeza 100. Walipanda tena, akaongeza 100 tena. Mwishowe walinyamaza. Viwanda vilikwenda kwa Owen na wenzake kwa pauni 114,100.

Sasa jiulizeni: kama mali ile ilikuwa imeharibika, mbona walioitukana walishindana kuinunua mpaka zaidi ya pauni 100,000? Jibu lilitoka vitabu vya hesabu vilipofungwa. Kwa miaka minne ya ushirika wao, baada ya kutoa riba ya pauni 5 kwa kila 100, faida ilikuwa pauni 160,000. Gawanyeni kwa nne: ni pauni 40,000 kila mwaka. Hesabu hii ni ya Owen mwenyewe, lakini bei ya mnada inaonyesha kwamba wapinzani wake nao waliujua utajiri wa mahali pale.

Habari ilipofika kijijini, watu waliwasha taa madirishani. Na Owen aliporudi na wabia wake wapya, wafanyakazi walitoka kumlaki njiani, wakafungua farasi, wakalivuta gari kwa mikono yao mpaka New Lanark.

JE, NI HAKI ILIYOLETA FAIDA?

Mtu akisikia habari hii huweza kusema, "Basi neno limekwisha. Tenda haki, utatajirika." Lakini msomaji mwangalifu hakimbilii kusema hivyo. Na apime kwanza.

Ni kweli kwamba mwenendo wa Owen ulisaidia hesabu. Wizi ulipungua, na mali isiyoibwa ni faida. Ulevi ulipungua, na mashine iliyo mbele ya mtu mwenye akili timamu haiharibiki upesi. Watu hawakuhamahama, na mfanyakazi wa zamani anaijua kazi kuliko mgeni. Mwaka wa 1813 Owen aliwaandikia wenye viwanda wenzake akawauliza: ninyi mnazitunza mashine za chuma, mnazitia mafuta na kuzisafisha, kwa nini hamwatunzi watu, ambao ni mashine zilizo hai na bora zaidi? Alisema kwamba fedha alizotumia kwa wafanyakazi zimemrudia pamoja na faida kubwa.

Lakini zilikuwako sababu nyingine. Maji ya mto Clyde yalikuwa ya nguvu. Mashine zilikuwa nzuri, na Owen alikuwa fundi stadi wa kuchagua pamba na kusokota uzi mwembamba uliouzwa kwa bei nzuri. Na mishahara ya New Lanark haikuwa mikubwa. Kwa fedha taslimu ilikuwa midogo kuliko ya viwanda vya mijini, ingawa nyumba, duka na shule vilifidia.

Tena kuna jambo zito. Pamba ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya pamba ya viwanda vya Uingereza ililimwa na watumwa wa asili ya Afrika huko Marekani. Mtoto wa New Lanark aliingia shuleni, na mtoto wa mtumwa aliichuma pamba ile ile juani bila ujira wala shule. Haki ya Owen ilifika mpaka mlango wa kiwanda chake, haikuvuka bahari. Sisi wa Afrika hatuwezi kuisoma historia hii na kulisahau hilo.

Na ndani ya kijiji chenyewe, wafanyakazi walitunzwa lakini hawakutawala. Owen ndiye aliyeamua. Nyumba zao zilikaguliwa usafi, na wanawake wengine waliwaita wakaguzi hao wawinda kunguni. Ni mzaha, lakini una uchungu ndani yake. Mtu mzima hapendi kutunzwa kama mtoto, hata na mtu mwema.

SHERIA INAHITAJIWA

Watu wengi walikwenda kuitazama New Lanark. Kati ya mwaka 1815 na 1825 wageni karibu 20,000 waliandika majina yao katika kitabu cha wageni. Mmoja wao alikuwa Nicholas wa Urusi, aliyekuja kuwa mfalme wa nchi yake. Waliona watoto wakicheza na kusoma, wakashangaa, wakasifu. Kisha wenye viwanda walirudi kwao, na wengi hawakubadilisha kitu.

Kwa nini? Kwa sababu viwanda vyenye ukatili navyo vilipata faida! Hilo ndilo neno lililomsumbua Owen. Alidhani kwamba akiwaonyesha matajiri hesabu zake, watamfuata kwa kupenda fedha zao wenyewe. Hawakumfuata. Basi akaenda bungeni kutaka sheria. Mwaka wa 1816 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge. Alisema kwamba kiwanda chake kimepunguza saa na hakikufilisika. Mwaka wa 1819 sheria ikatoka, lakini ilikuwa dhaifu. Ilihusu viwanda vya pamba tu. Ilikataza watoto chini ya miaka 9, na iliruhusu wale chini ya miaka 16 kufanya kazi saa 12. Wakaguzi wa serikali hawakuwako mpaka sheria nyingine ya mwaka 1833.

Owen mwenyewe aliondoka New Lanark katika miaka ya 1820. Mwaka wa 1825 alinunua kijiji cha New Harmony huko Marekani, akataka watu waishi humo kwa ushirika mtupu. Jambo hilo lilivunjika baada ya miaka miwili hivi, na sehemu kubwa ya mali yake ikapotea. Alifariki mwaka wa 1858 mjini kwao Newtown. Lakini mawazo yake hayakufa. Watu walioanzisha duka la ushirika la Rochdale mwaka 1844 walikuwamo wafuasi wake, na njia ya Rochdale ikaenea mpaka kwetu, kwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na vyama vingine vya ushirika. Kiwanda cha New Lanark kiliendelea kusokota mpaka mwaka 1968. Tangu mwaka 2001 kijiji hicho kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

NA KWETU JE?

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Wazee wa pwani wanaikumbuka kazi ya kibarua bandarini. Mtu aliajiriwa kwa siku. Meli ikiwapo, kazi ipo; meli ikiondoka, kazi hakuna. Wenye kazi waliona ni faida, maana walilipa siku ile tu waliyomhitaji mtu. Lakini kodi ya nyumba na njaa ya watoto havingoji meli. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, kama 15,000, waligoma. Waligoma wa bandarini, wa reli, hata wa majumbani na hotelini. Mji ulisimama karibu siku 12. Mwezi wa Septemba mwaka huo wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaenea mpaka bara.

Hapo wenye kazi walijifunza hesabu nyingine. Kazi ya kibarua iliyoonekana rahisi ilikuwa na gharama iliyofichika: meli zinangoja, mizigo inaoza, na mtu asiye na hakika ya kesho hana sababu ya kuijua kazi vizuri. Katika miaka ya 1950 bandari ya Mombasa ilianza kuandikisha wafanyakazi na kuwapa kazi ya kudumu zaidi. Angalieni tofauti na New Lanark. Kule mambo yalibadilishwa na tajiri mmoja mwenye huruma. Huku wafanyakazi wenyewe walisimama pamoja na kudai.

MANENO YA MWISHO

Ndugu wanafunzi, turudi kwenye shamba lako na la jirani yako. Historia inatujibu hivi. Kumtendea mfanyakazi haki si lazima kulete hasara. Mara nyingi huleta faida, kama mnada wa mwaka 1813 ulivyoonyesha. Lakini haki isifanywe kwa sababu ya faida peke yake. Mwenye kutenda haki kwa ajili ya fedha ataiacha siku atakapoona dhuluma inalipa zaidi. Mshahara wa kibarua ni deni, na deni hulipwa hata mavuno yakiwa mabaya.

Nanyi wengi wenu ni wafanyakazi, na wengi pia mna mtu mliyemwajiri, pengine kijana wa duka, mpishi, au mtu wa kulima. Usiku huu, kila mmoja achukue ile karatasi yake, aandike jina la mtu huyo, na aandike anamdai nini. Kama mstari huo hautapendeza kuusoma, kesho si mbali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wafanyakazi wa New Lanark hawakumwamini Owen mwanzoni? Ni jambo gani lililobadilisha mioyo yao?
2. Mali ilinunuliwa kwa pauni 60,000 mwaka 1799, ikauzwa kwa pauni 114,100 mwaka 1813. Thamani iliongezeka kwa pauni ngapi?
3. Taja sababu mbili za faida ya New Lanark ambazo hazikutokana na kuwatendea watu haki.
4. Je, ungependa kufanya kazi mahali ambapo msimamizi bubu ametundikwa karibu nawe? Toa sababu zako.
5. Ni lipi bora: tajiri mwema, sheria nzuri, au wafanyakazi wenye umoja? Je, moja latosha bila mengine?